Wenye ponitelipamu Kabale na Kisoro, baridi peke yake siyo shida

Jamani wenye ponitelipamu (ponytail palm, ule mmea wa mapambo wenye majani marefu membamba) kwenye chungu huko Kabale, Kisoro na milima ya kule kusini magharibi mwa Uganda, kinachoua huu mmea sanasana ni baridi ikikutana na udongo uliolowa. Asili yake ni Meksiko, kile kitako kinene, yaani shina lililovimba chini, kinaweka maji yake yenyewe, so miezi ya Juni na Julai usiku ukishuka karibu digrii 10 punguza kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo na kama bado kuna unyevu hata chini we acha tu. Chungu usikiache kwenye sementi tupu, weka juu ya kipande cha mbao au matofali mawili ili tundu za chini zipumue, na ukisogeze ukutani kwenye veranda. Usiku wa baridi kali, hasa kwenye mabonde, funika na shuka kuukuu au gunia, siyo kavera (mfuko wa plastiki), kavera ikigusa majani inashika maji na majani yanaharibika, halafu asubuhi jua likitoka funua. Miche midogo hiyo ingiza ndani kabisa, haina akiba kubwa ya maji wala nguvu. Ukibonyeza kitako kikawa laini simamisha maji leo leo, kinaanza kuoza.