Matone ya steroidi ya macho: hatua ninazompitisha mgonjwa

Naandika kwa mgonjwa wa uveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, aliyeandikiwa prednisoloni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe.

Hatua ya 1: Jicho lipimwe kwanza. Jicho jekundu si ugonjwa mmoja. Virusi vya hepesi, au fangasi walioingia baada ya jani kuchoma jicho shambani, hushamiri wakipewa steroidi. Kwa hiyo deksamethasoni (nayo ni steroidi) iliyochanganywa na antibayotiki usiinunue dukani bila cheti, wala usitumie ya jirani.

Hatua ya 2: Nawa mikono, tikisa kichupa. Dawa hii hutuama chini.

Hatua ya 3: Vuta kope la chini, dondosha tone moja, ncha isiguse jicho. Fumba, kisha bonyeza kona ya jicho upande wa pua kwa dakika 2. Kama una matone mengine, subiri dakika 5.

Hatua ya 4: Shusha dozi taratibu. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Wekundu ukiisha na maumivu yakitulia, mtu huona amepona, anaacha. Kumbe ndani bado kuna chembe za uvimbe ambazo huonekana kwa darubini ya macho tu. Ukiacha ghafla, uvimbe hurudi, na mboni inaweza kunata kwenye lenzi iliyo nyuma yake. Daktari akianza na tone kila saa, huenda akashusha hadi mara 6 kwa siku, kisha 4, 3, 2, 1. Muda wa kila ngazi anaupanga yeye. Mwombe aiandike ratiba hiyo kwenye karatasi, uibandike ukutani. Naipenda karatasi kuliko kengele ya simu, maana hata anayekusaidia nyumbani anaiona. Kichupa kikikaribia kuisha, nunua kingine mapema, dawa ileile na asilimia ileile. Ukipewa mbadala, muulize daktari kwanza. Ukisahau tone, weka ukikumbuka, lakini usiweke mawili kufidia. Na maumivu au kuogopa mwanga vikirudi, usijiongezee dozi. Rudi kliniki siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Pima presha ya jicho, hata kama unaona vizuri. Steroidi huweza kuipandisha bila dalili yoyote, mara nyingi ndani ya wiki chache, na uoni ulioharibiwa na glakoma, yaani presha inapoharibu neva ya kuonea, haurudi. Matumizi ya muda mrefu huleta pia mtoto wa jicho. Watoto wenye mzio wa macho wanaotumia matone haya miezi kwa miezi wapimwe bila kukosa.

Hatua ya 6: Andika tarehe ya kufungua kichupa. Baada ya siku 28, kitupe.