Kubadilisha viatu vya breki vya foklifti ya umeme

Katika foklifti ya umeme, sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo hufanywa na mota, na ndiyo maana fundi aliyezoea mashine za dizeli hushangaa kukuta lainingi, yaani tabaka la msuguano lililo juu ya kiatu cha breki, ingali nene ilhali breki haishiki. Viatu vingi ninavyovitoa katika maghala ya Shimanzi na Changamwe, mjini Mombasa, havikulika hata kidogo: vimeshikwa na kutu ya hewa ya chumvi, vimeng'aa kama kioo, au vimelowa oili. Usivihukumu kwa unene peke yake.

Hatua ya 1. Egesha mashine kwenye sakafu iliyo sawa, shusha uma hadi chini, toa ufunguo, kisha uchomoe plagi ya betri. Betri yenyewe iache mahali pake, kwa sababu ni sehemu ya uzito unaoisawazisha mashine. Tia kabari magurudumu ya nyuma, fungua breki ya mkono, legeza nati za magurudumu ya mbele, kisha inua kwa jeki na uegemeze fremu juu ya magogo ya mbao ngumu. Jeki ni ya kuinulia tu.

Hatua ya 2. Ikiwa tairi ni la upepo na rimu yake ni ya vipande viwili, toa upepo wote kwanza, na usiguse kamwe bolti zinazounganisha vipande hivyo. Toa gurudumu, kisha dramu, yaani ngoma ya chuma inayofunika viatu. Dramu ikigoma, legeza kirekebishi, yaani kifaa kinachosogeza viatu karibu na dramu au mbali nayo, kupitia tundu la bamba la nyuma linaloshikilia viatu, badala ya kuipiga nyundo.

Hatua ya 3. Vumbi lililomo usilipulize kwa kompresa, kwani lainingi za zamani huweza kuwa na asbesto. Vaa barakoa, lowesha, futa kwa kitambaa na ukitupe.

Hatua ya 4. Piga picha kabla ya kuondoa springi yoyote, na ufanye upande mmoja kwanza ili wa pili ubaki kuwa mfano. Angalia kama lainingi ya kiatu kimoja ni ndefu kuliko ya mwenzake, kwa maana ukivibadilishana nafasi breki itakosa nguvu. Inua mpira wa silinda ya gurudumu, ile inayosukuma viatu: ukikuta unyevu, tengeneza silinda kwanza, la sivyo viatu vipya vitaharibika kama vile vya zamani. Hapa ndipo wengi huharakisha, nao hulazimika kuirudia kazi hiyo hiyo baada ya mwezi.

Hatua ya 5. Pima kipenyo cha ndani cha dramu ukilinganishe na kikomo kilichochapwa juu yake. Paka grisi kidogo sana kwenye nundu za bamba ambapo viatu huteleza, wala isifike kwenye lainingi. Funga viatu vipya pande zote mbili za ekseli, kaza kirekebishi mpaka dramu ikwaruze, kisha ukilegeze hadi izunguke huru.

Hatua ya 6. Pedali ikiwa laini kama sponji, toa hewa kwenye mfumo. Tumia mafuta yaliyotajwa katika kitabu cha mashine pekee, kwa kuwa mashine nyingine hutumia mafuta ya breki na nyingine mafuta ya madini, na ukikosea mipira ya mfumo mzima huvimba. Rudisha magurudumu na plagi, kisha jaribu bila mzigo kwa kusimama polepole mara kadhaa. Baada ya siku chache za kazi, rekebisha tena nafasi ya viatu.