Kubomoa nyumba Dodoma: funga maji na majitaka kabla kijiko hakijafika

Ukiwa na nyumba ya zamani Dodoma mjini na umeamua kuivunja ujenge upya, usianze kwa kutafuta kijiko, yaani lile gari la kuchimba na kubomolea. Anza kwa kuhakikisha maji yamefungwa huko barabarani, njia ya majitaka imezibwa, na una karatasi inayosema hivyo.

Sisi tulianza na kijiko. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba, Makole, vyumba vinne na banda la uani. Tulikubaliana ndugu wote ivunjwe, tujenge ya kupangisha. Fundi tuliyempa kazi akatuhakikishia kwamba maji ameshafunga. Kumbe alichofunga ni koki ya ndani, ile iliyo mbele ya dira (mita ya maji) kuelekea jikoni. Kijiko kiliponyanyua zege la jikoni kikang'oa bomba na koki yake. Mchana ule bomba lilikuwa kavu kwa kuwa siku yetu ya mgao ilikuwa bado, basi hakuna aliyeona kitu. Maji yakaja usiku, kifusi kikayanywa yote, na asubuhi juu palikuwa na vumbi tu. Usiku wa tatu mlinzi alisikia mlio chini ya matofali, kama birika linalokaribia kuchemka. Tulipofukua tukaikuta dira ikiwa nzima, imeongeza uniti 27. Hizo ni lita 27,000 zilizomwagika ardhini katika mji unaotegemea zaidi visima vya Mzakwe, ambako kila ndoo inavutwa kwa pampu. Tulizilipa, kwa sababu dira ilizihesabu kihalali.

Hasara ya majitaka ilikuja baadaye na ilikuwa kubwa zaidi. Nitaieleza mahali pake.

Akaunti iko kwa jina la nani?

Chukua bili yoyote ya zamani uangalie jina. Nyumba nyingi za mitaa ya zamani bado zina jina la baba, la babu, au la mtu aliyeuza miaka mingi iliyopita. Ombi la kusitisha huduma linapokelewa kwa mwenye akaunti au mtu mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mali hiyo. Kama mwenye jina amefariki, inatakiwa barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Sisi hatukuwa nayo. Baba alifariki na kwa kuwa ndugu tunaelewana hatukuona haja ya kufungua mirathi. Hapo ndipo muda wetu mwingi ulipoishia: kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, tangazo, na kusubiri. Kama uko katika hali hiyo, fungua mirathi leo, hata kama kuvunja ni mwakani.

Kama umenunua, nenda na mkataba wa mauziano na nyaraka ya kiwanja. Wenye karatasi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikigawa viwanja, wakumbuke kwamba ilivunjwa 2017 na kazi zake za ardhi zikahamia halmashauri, hivyo mambo ya umiliki yanamalizwa kwanza ofisi za Jiji. Huko huko ndiko utakakofuatilia kibali cha ujenzi. Uliza hapo hapo wanachotaka kuhusu kubomoa, na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wawe na habari. Umeme unajulikana: TANESCO waje waondoe mita ya LUKU na waya wao kabla ya kazi kuanza.

Unaomba nini hasa?

Ombi linapelekwa DUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dodoma, kwa barua, ukiambatanisha namba ya akaunti, kitambulisho cha NIDA na uthibitisho wa umiliki. Ila ukiandika tu "naomba kukatiwa maji", hujasema unachotaka. Kuna mambo matatu tofauti, na lazima barua itaje moja.

La kwanza ni kufungiwa kwa muda. Dira inabaki na laini inabaki na maji hadi kwenye dira. Hili halifai kabisa kwa nyumba inayovunjwa, kwa sababu kijiko hakijui dira ilipo.

La pili ni kuhamisha dira. Kama utajenga palepale utahitaji maji ya kuchanganyia zege, kumwagilia tofali na kunyweshea ukuta. Omba dira itolewe ukutani ipelekwe kwenye kona ya kiwanja karibu na barabara, ijengewe kisanduku cha tofali, na laini yote ya ndani ikatwe. Kwa wengi hili ndilo jibu sahihi. Laiti ningelijua mapema.

La tatu ni kusitisha kabisa: kiwanja kitakaa wazi, au unauza, au ramani mpya itaingiza maji upande mwingine. Hapo dira inarudishwa kwa mamlaka na laini inakatwa kwenye bomba kuu. Dira si yako, ni mali ya mamlaka hata kama uliilipia wakati wa kuunganishwa. Ikipotea kwenye kifusi, wewe ndiye wa kujibu.

Kabla ya kupeleka barua, piga picha dira. Tarakimu nyeusi ni uniti kamili, nyekundu ni sehemu za uniti. Picha ionyeshe namba ya dira na usomaji kwa pamoja. Lipa deni lote kwa namba ya kumbukumbu ya malipo utakayopewa, kisha omba taarifa ya akaunti inayoonyesha sifuri. Usimpe mtu fedha mkononi. Vishoka wanazijua nyumba zinazovunjwa kuliko unavyodhani, na mmoja alitufuata hadi getini akisema atatukatia maji jioni ile ile. Kishoka akikata, mbele ya mamlaka ni kama umekata mwenyewe, na kuharibu miundombinu ya maji au ya majitaka ni kosa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019.

Siku ya kukata, uwepo

Usimtume kijana wa dukani. Simama mwenyewe uone mtaro umechimbwa hadi kwenye bomba kuu, pale laini yako ilipotobolewa, na tundu limezibwa hapo hapo. Kukata karibu na ukuta wako ni rahisi zaidi, lakini kunaacha kipande cha bomba chenye maji kimelala chini ya njia bila mwenyewe, na malori ya kifusi yatapita juu yake kila siku.

Kuna sababu nyingine inayowahusu majirani. Maji ya mgao yakiisha, bomba kuu linabaki tupu na linavuta hewa kupitia tundu lolote. Kipande kilichokatwa ovyo kikiwa ndani ya tope, tope linaingia, na mgao unaofuata unalipeleka kwenye ndoo za mtaa mzima. Watoto wakiumwa matumbo, hakuna atakayejua kwamba chanzo ni kiwanja chako.

Piga picha tundu lililozibwa kabla ya kufukia. Pima kwa futi kamba kutoka kona mbili za kudumu, kwa mfano nguzo ya umeme na bikoni ya kiwanja, uandike.

Majitaka: hapa ndipo tulipoumia

Watu wengi hawajui nyumba yao inamwaga wapi. Kama bili yako ina mstari wa majitaka, umeunganishwa kwenye mtandao. Kama huna uhakika, fungua chemba ya mwisho ndani ya uwanja, mimina ndoo mbili za maji yenye rangi kwenye choo, kisha mtu asimame kwenye chemba ya barabarani aangalie. Usiingie kwenye chemba, hata kwa dakika moja kuokota kitu. Hewa ya humo inaua, na anayeshuka kumwokoa mwenzake huanguka juu yake.

Tulivunja mwezi wa Novemba. Masinki yaling'olewa, vyoo vikapasuliwa, na bomba la inchi nne likabaki wazi usawa wa ardhi. Mtu fulani alilisindilia mfuko wa saruji mtupu. Nililiona nikapita, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye maji. Desemba mvua ya kwanza ikapiga, mvua yetu ya Dodoma inayokuja kwa kishindo kwenye ardhi kavu. Ule mfuko ulikwenda na maji, na nyuma yake mchanga, plasta na vipande vya vigae, vyote hadi kwenye bomba la mtaa.

Siku mbili baadaye nilipigiwa simu na mjumbe. Chemba tatu upande wa chini zilikuwa zinafurika. Ya tatu iko nyuma ya nyumba ya mama mmoja anayepika chakula cha mchana kwa mafundi na bodaboda. Nilimkuta amesimama kwenye kizingiti, kanga imepandishwa hadi magotini, sufuria zake zimepangwa juu ya meza, na maji meusi yamezunguka mafiga. Alinisikiliza nilipomwomba radhi. Akasema, "Haya baba, lakini leo na kesho nawalisha nini wanangu?" Nilimlipa siku mbili za biashara yake. Hilo ndilo lililokuwa rahisi. Kuzibua bomba, kutoa mchanga na kusafisha kwa watu kulitugharimu zaidi ya siku zote za kijiko.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwenye ile barua moja, taja pia kuziba muungano wa majitaka. Laini inakatwa baada ya chemba ya mwisho, karibu na mpaka wa kiwanja, inafungwa kwa kizibo cha bomba kinachoingia sawasawa, kisha inazungushiwa zege. Mfuko, matambara, jiwe na kipande cha ubao si vizibo. Kazi ifanywe na watu wa mamlaka au mbele yao, na ikaguliwe kabla ya kufukiwa. Na hili lifanyike wakati nyumba bado imesimama, siku wakazi wa mwisho wanapotoka, kwa sababu kifusi kikishalala juu ya chemba hutaiona tena. Kama utaiunganisha tena kwa nyumba mpya, sema mapema ili wasizibe mbali na utakapohitaji.

Shimo la zamani

Hata ukiwa kwenye mtandao, usiamini kwamba hakuna shimo. Nyumba nyingi zilikuwa na mashimo kabla mtandao haujafika, na siku ya kuunganishwa shimo liliachwa tu, likafunikwa zege na udongo. Ramani ya nyumba yetu haikulionyesha. Aliyetuokoa ni bibi jirani, mkazi wa mtaa ule tangu enzi za CDA. Nilikwenda kumwamkia na kumweleza kwamba kijiko kitaingia kesho. Akatoka na fimbo yake, akaenda hadi chini ya mwarobaini, akagonga ardhi mara mbili. Ikalia kama ngoma. "Mwanangu, hapa gari lisipite. Chini pako wazi."

Waulize wazee wa mtaa. Ukilipata shimo, ita gari la kunyonya majitaka lililosajiliwa, ambalo litakwenda kumwaga kwenye mabwawa ya Swaswa na si kwenye korongo, na udai risiti. Baada ya kunyonywa, mfuniko uvunjwe, sakafu ya chini itobolewe ili maji ya mvua yasituame ndani, kisha lijazwe kifusi na changarawe kwa matabaka huku likishindiliwa. Likijazwa kwa kumwaga lori moja juu kwa juu, litatitia baada ya masika mawili, na msingi mpya utapasuka palepale.

Karatasi za kubaki nazo

Usiondoke bila barua au fomu iliyogongwa muhuri inayosema huduma ya maji na ya majitaka imesitishwa au dira imehamishwa, tarehe gani, na usomaji wa mwisho ni upi. Bila hiyo, bili zinaweza kuendelea kutoka kwa jina lako huku kiwanja kikiwa hakina hata tofali. Ikitokea hivyo, anza na malalamiko ya maandishi kwa mamlaka yenyewe ukiambatanisha ile picha ya dira. Usiporidhika, unaweza kwenda EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, husaidia wananchi kuandaa malalamiko.

Vile vipimo vya bomba na majitaka uvihamishie kwenye ramani ya nyumba mpya na fundi apewe nakala. Sisi pia tulichimbia nondo fupi mbili tukazipaka rangi nyekundu, moja juu ya kizibo cha majitaka na nyingine pale lilipokuwa shimo. Fundi wa msingi alipofika asubuhi ya kwanza, alifungia kamba yake kwenye nondo ya mwarobaini, akaanza kupima kuondoka hapo.