Ukienda Castelluccio di Norcia, fika alfajiri

Anayepanga kukitembelea kijiji cha Castelluccio di Norcia, kilicho kwenye mwinuko wa takriban mita 1,450 katika milima ya Sibillini nchini Italia, ninamshauri afike alfajiri ya siku ya katikati ya wiki, kati ya mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Julai, wakati mashamba ya adesi ya uwanda wa Piano Grande, ulio chini ya kijiji, yanapojaa maua mekundu, ya njano na ya buluu, kabla magari hayajafurika. Tafadhali tembea kwenye vijia pekee, kwa maana kila shina unalokanyaga kwa ajili ya picha ni riziki ya mkulima. Beba sweta hata mwezi wa Julai. Na ukitaka kupanda mlima Monte Vettore, wenye mita 2,476, anza mapema, kwani radi za kiangazi hupiga zaidi alasiri.

Tetemeko la tarehe 30 Oktoba 2016 lilibomoa sehemu kubwa ya kijiji, hivyo nunua mfuko wa adesi kwa wakulima wenyewe. Ni punje ndogo mno, zenye ganda jembamba lisilohitaji kulowekwa.