Vita vya dakika 38 ndani ya beseni

Wenzangu mnaosomesha watoto nyumbani, historia msianze na daftari. Chukua kalenda ya ukutani, ile ya bure ya dukani, na maka peni, utafute tarehe ambazo mtoto anaweza kuzifanya kwa mikono yake, maana hizi za fulani kazaliwa fulani kafa mtoto wa miaka nane atazifanyia nini jamani.

Kwetu inayobamba kuliko zote ni 27 Agosti, vita vya Zanzibar na Waingereza, 1896. Anza siku mbili kabla. Tarehe 25 wakati wa chai wasimulie kwamba leo Sultani Hamad bin Thuwaini amefariki na Khalid bin Barghash, anayeutaka usultani, kaingia kwenye jumba la kifalme bila Waingereza kumkubali, halafu kata hapohapo, wakikuganda nini kinafuata wewe kunywa chai yako. Tarehe 26 mnaunda meli kwa maboksi ya juisi na vijiti vya mishikaki: tano za Waingereza, na moja kubwa ya Sultani inaitwa Glasgow. Waambie Khalid kapewa mpaka kesho saa tatu asubuhi awe ametoka. Vitabu vya Kiingereza wameandika saa tisa, kwa hiyo hapo unapata somo la saa bure kabisa.

Siku yenyewe beseni la kufulia uani, jumba la maboksi ukingoni. Saa tatu na dakika mbili washa taima ya simu dakika 38, warushe soksi zilizoviringishwa. Glasgow itoboe izame ila milingoti ibaki juu ya maji, maana ndivyo ilivyokaa pale bandarini miaka kibao. Taima ikilia kila mtu anaacha. Wengine wanahesabu mpaka dakika 45, muulize mkubwa yeye anadhani vita vinaisha saa ngapi, mizinga ikinyamaza au bendera ikishushwa? Wangu walibishana mpaka mchana.

Halafu hii usiiruke. Leta masinia mawili, wahesabu punje 500 za maharage kwenye moja, ndio karibu idadi ya watu waliokufa au kuumia upande wa Zanzibar, na sinia la pili punje moja, baharia Mwingereza aliyejeruhiwa. Wangu kicheko kiliisha wenyewe, sikuhitaji kuhubiri. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani na baadae wakamvusha kwa bahari mpaka Dar, basi hapo ramani inaingia. Mkiwa Unguja nendeni Forodhani mkaangalie Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, iliharibika siku ile ila haikuanguka, kipande chake kimekuja kuporomoka juzi tu hapa, Desemba 2020.

Tarehe zingine zisiwe nzito hivi. 26 Aprili mnachanganya udongo wa sehemu mbili kama Mwalimu kwenye ile picha ya Muungano. 9 Desemba mnapanda ngazi usiku na tochi, kama Alexander Nyirenda alivyopandisha mwenge Kilimanjaro 1961, na mnapiga hesabu ngazi zenu mpande mara ngapi kufika mita 5,895. Nne kwa mwaka zinatosha, mi mwaka wa kwanza nilitaka zote na Machi hoi.

Yale maharage yaloweke jioni, kesho yake mchana mnayala.