Kabla Hujamkabidhi Ejenti wa AI Zana Zako

Kila msimu wa korosho ukikaribia, vijana wetu wa Mtwara na Lindi huja na ejenti mpya wa AI, yaani programu inayojibu maswali na kufanya kazi yenyewe, kwa ajili ya vyama vya ushirika. Mkulima anauliza kwa WhatsApp, ejenti anaita zana, yaani kipande cha programu kinachomtafutia taarifa au kumfanyia kazi, jibu linarudi. Vizuri sana. Ila kabla hujamwasha, kaa chini uyasome upya maelezo ya zana zako. Modeli, yaani akili ya AI iliyo ndani ya ejenti, haioni kodi (code, maagizo ya programu) uliyoiandika ndani. Inaona jina la zana, maelezo yake na skima ya parameta (orodha ya taarifa ambazo zana inahitaji kupewa), basi. Usichokiandika humo, yenyewe itakibuni.

Jina liseme kazi: tafuta_mkulima, soma_salio_la_ghala. Ukiita zana "data2" umejiandikia mwenyewe.

Tarehe, taja muundo na uweke mfano: 2024-11-03. Ukiacha 03/11/2024, sisi tunasoma Novemba, minada imepamba moto. Modeli iliyolishwa maandishi mengi ya Kimarekani inaweza kusoma Machi, ikakuta patupu, ikamjibu mkulima kwamba hakukuwa na mnada.

Vipimo, usiandike "kiasi" ukaondoka. Salfa, dawa ya mikorosho, ni mifuko au kilo? Korosho ni kilo au tani? Kiingize kipimo kwenye jina lenyewe, uzito_kilo. Majibu yakiwa machache na yanajulikana, yafunge kwa enum, orodha ya majibu yanayoruhusiwa tu: daraja ni la kwanza au la pili, hakuna "nzuri kiasi".

Sasa hili lingine wengi wanaliruka, nami nimeona lilivyowatesa watu. Andika zana HAIFANYI nini.

Chama kimoja cha msingi upande wa Tandahimba kilikuwa na zana inaitwa pata_bei. Maelezo yake: "Hurudisha bei ya korosho." Maneno manne. Ndani ya kodi ilikuwa inasoma bei ya mnadani, kabla ya makato ya usafiri, ghala na chama. Aliyeiandika alilijua hilo vizuri, hivyo hakuona haja ya kulisema. Wakulima nao hawaulizi bei ya mnadani, wanauliza, "Kilo zangu mia nne nitapata shilingi ngapi?" Ejenti akaita pata_bei, akazidisha, akajibu kwa uhakika wa karani aliyefungua kitabu cha malipo. Watu wakapanga ada za watoto, wakaagiza mabati kwa mali kauli. Fedha zilipoingia benki, zikawa pungufu ya zile za kwenye simu.

Asubuhi yake ofisi ilijaa mpaka barazani. Mama mmoja kamsogezea karani simu usoni, ujumbe upo, hesabu ipo: "Haya mwanangu, zilizobaki ziko wapi?" Karani mwenyewe hajui hata zana ni kitu gani. Na huku kwetu, ambako wakulima wameshazoea kusikia kesi za fedha zilizoliwa ushirika, hakuna wa kukuelewa ukimwambia ni kompyuta. Hesabu isipokutana, wewe ni mwizi. Viongozi ikawabidi wapite kijiji kwa kijiji kueleza.

Kinachouma ni kwamba zana sahihi ilikuwemo. Iliitwa kokotoa_malipo, na makato yote ilikuwa inayatoa sawasawa. Lakini maelezo yake yalisema "Hukokotoa bei na malipo", na modeli ikiwekewa zana mbili zinazofanana hivyo, inaweza kuokota yoyote. Kodi haikuguswa hata mstari. Yaliyobadilishwa ni maelezo ya pata_bei tu:

"Hurudisha bei ya mnadani kwa kilo, kwa shilingi, kabla ya makato yoyote. Tumia kwa maswali ya bei ya mnada uliopita. Usitumie kukadiria fedha atakazopokea mkulima; kwa hilo ita kokotoa_malipo. Kama tarehe hiyo haikuwa na mnada, hurudisha hakuna_mnada, usikisie."

Sentensi ya tatu ndiyo iliyomaliza ugomvi. Kila zana uliyonayo iwe na sentensi ya namna hiyo.

Makosa nayo yaseme cha kufanya. "Kosa 500", namba tupu ya hitilafu ya seva, halimsaidii ejenti. "Namba ya mkulima haipo, mwombe aisome tena" linamsaidia.

Zana inayotuma ujumbe au kufuta kitu, iseme wazi. Itifaki ya MCP (Model Context Protocol, utaratibu wa kuunganisha modeli na zana), iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, ina alama kama readOnlyHint (inasoma tu) na destructiveHint (inaweza kuharibu). Ziweke, lakini hizo ni dokezo tu, hazimzuii mtu. Uthibitisho wa "una uhakika?" uweke kwenye kodi.

Usirundike zana, kila maelezo yanakula nafasi ya maandishi ambayo modeli inaweza kusoma kwa mara moja. Jaribu kwa maswali ya wakulima wenyewe, sio yako: "hela zetu lini", "bei ya juzi Newala", na tahajia zao zote. Ukibadilisha neno moja kwenye maelezo, jaribu upya yote. Nywila usiiandike humo hata kwa muda, maana anayejua kuuliza ataitoa. Na ufuta ukianza kuuzwa, yapitie tena: zana iliyoandikwa "bei" bila kutaja zao itampa mtu wa ufuta bei ya korosho, na kesho yake yuko barazani.