Kurudi kushoto: kushika usukani Dar baada ya miaka ya Marekani

Niliendesha lori Texas miaka tisa. Nikarudi Dar nikijua kitakachonisumbua ni foleni na bodaboda. Wapi! Kilichotaka kuniua ni barabara tupu ya Mbezi Beach, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Nimetoka sheli, nimekata kona, nimeshika upande wa kulia kama Texas, kwa raha zangu, mpaka kijana wa boda aliyekuwa anakuja akaingia mtaroni. Hakuumia, ila matusi aliyonipa yalinikaribisha nyumbani rasmi.

Tangu hapo ndugu na marafiki wakirudi huniomba nikae nao siti ya pembeni. Huwa tunakwenda hivi.

Hatua ya 1: Siku tatu za mwanzo, kuwa abiria. Usingizi wa ndege bado uko kichwani. Kaa mbele, angalia dereva anatazama wapi kabla ya kuingia barabarani. Siku hizo hizo kagua leseni yako ya hapa kama haijaisha muda, na bima ya gari.

Hatua ya 2: Zoea swichi gari likiwa ndani ya geti. Magari yetu mengi yametoka Japani: indiketa iko mkono wa kulia wa usukani, waipa kushoto. Kule ulizoea kinyume chake. Utataka kukata kona, utapangusa kioo kikavu juani, na mtaa mzima utajua umetoka safari. Kaa dakika kumi uwashe na kuzima. Pedali ni zile zile, usiwe na wasiwasi nazo.

Hatua ya 3: Jifunze kushoto upya. Hapa ndipo pa kutulia. Kukiwa na magari huwezi kukosea, maana unafuata la mbele. Hatari ni ukiwa peke yako: unatoka sheli, unatoka getini alfajiri, au unarudi barabarani baada ya kupaki pembeni upokee simu. Mwili unachagua wenyewe, na unachagua Texas. Dawa yangu ni sentensi moja, na uiseme kwa sauti: *dereva katikati ya barabara, abiria mtaroni*. Ukijikuta wewe ndiye uliye karibu na mtaro, umepotea upande. Bandika na karatasi kwenye dashibodi: KUSHOTO.

Kona nazo zimegeuka. Sasa ya kulia ndiyo ndefu, ndiyo inayokatiza magari yanayokuja. Ile tabia ya kusimama kidogo kwenye taa nyekundu kisha kukata kulia, iache uwanja wa ndege.

Halafu kuna kubana kushoto. Ulizoea gari lote liwe kuliani kwako, sasa liko kushotoni, kwa hiyo utalisogeza pembeni bila kujijua. Sait mira ya kushoto ya mdogo wangu iligonga bajaji mbili wiki moja.

Hatua ya 4: Kipilefti. Tunazunguka kama mshale wa saa. Anayetoka kuliani kwako mpishe, kisha ingia. Akiwapo trafiki anaongoza kwa mkono, sahau taa, mfuate yeye.

Hatua ya 5: Lugha ya taa. Hii hakuna chuo kinachoifundisha. Magari yanayokuja yakikuwashia taa mchana, mara nyingi ni salamu ya kwamba mbele kuna askari na tochi ya kupimia mwendo. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia na hakuna kona, linakwambia usipite, kuna gari linakuja. Ya kushoto maana yake pita. Lakini huenda kweli linaingia pembeni, kwa hiyo chukua kama ushauri. Macho ni yako. Hazadi kwenye makutano: mwenzako anakwambia anakwenda moja kwa moja. Si sheria, ila utaiona.

Hatua ya 6: Mwendo na zebra. Kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na kibao kinaweza kuwa kimefichwa na mwarobaini. Kwenye zebra simama, mtu akishakanyaga tu. Faini ni kwa kila kosa. Njia za mabasi ya mwendokasi usiziguse hata foleni ikikutoa machozi. Na kabla ya kuhama njia tazama kioo mara mbili, boda hupita pande zote.

Hatua ya 7: Mkoani, baada ya wiki mbili, na mchana. Ukienda Iringa au Mbeya, barabara inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi. Punguza mwendo, ukigonga mnyama unalipa, na bei zimeandikwa kwenye vibao. Ukikuta matawi mabichi yametandazwa lamini, usishangae wala usiyapite kwa kasi: kuna gari limeharibika mbele, mara nyingi baada tu ya kona.

Utajuaje umerudi? Waipa zikikaa wiki nzima bila kupangusa kioo kikavu, bandua ile karatasi. Ile sentensi ya mtaroni endelea nayo. Mimi nikitoka sheli bado naisema.